Mtani Aliyeacha Kunitania

Mwaka ule mpunga ulipoanza kutia punje, mume wangu alikuwa vitani Bama, kule Asia, na askari wenzake wa keya, jeshi la Mwingereza. Mimi nilikuwa Temeke, mtoto wa miezi saba mgongoni, na ndani mama mkwe aliyepooza upande mzima wa kulia. Tangu aanguke uani hakuweza kujigeuza wala kunywa maji bila kushikiwa kata. Kisima kilikuwa mbali, kinu kilinisubiri kila siku, na shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, mwendo wa karibu saa nzima.

Wasioujua mpunga hudhani kazi huisha ukishapalilia. Punje zikianza kujaa lazima mtu akaamie, ashinde shambani akipiga debe na kupiga kelele, la sivyo ndege hawakuachii hata mbegu. Nikienda kuamia, mkwe anashinda kwenye mkojo wake, midomo imemkauka. Nikibaki naye, ndege wanakula chakula chetu cha mwaka mzima. Basi nikawa naenda nusu siku na kubaki nusu siku, na vyote viwili vikaharibika. Mkwe akapata vidonda mgongoni, na mpunga wa upande wa mtoni ukabaki makapi matupu. Nilikuwa nakula nimesimama, na siku nyingine sikumbuki kama nilikula. Nilifika mahali nikamchukia yule mzee kwa kuwa hai. Nasema wazi, maana sasa nami ni mzee na sina wa kumwonea haya.

Jirani yangu alikuwa Mnyamwezi, mke wa kuli wa bandarini. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na yeye utani aliujua. Aliingia bila hodi, akachota mboga chunguni, akaniita mtumwa wake. Mimi nilimjibu kwamba babu yake alifika pwani akiwa chini ya mzigo wa babu yangu. Mtani hakasirikiwi kwa neno lolote, ndivyo tulivyolelewa. Niliupenda utani ule, kwa sababu ndio uliokuwa wakati pekee wa siku nilipocheka.

Jioni moja nilimwambia, "Mtani, mie nimeshindwa. Kesho narudi kwa mama yangu Kisarawe. Mkwe namwacha humu ndani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda, mtumwa wangu. Huyo kikongwe nitamuuza, na kitanda nakichukua mie."

Sikucheka. Hakuona, au aliona akadhani ndio ufundi wenyewe wa utani. Majirani wengine niliwaonea haya, kwa hiyo kilio changu nilikipeleka kwa mtu ambaye desturi ilimzuia kuniamini.

Asubuhi nilimpa mkwe uji, nikamwekea kata ya maji upande wa mkono wake mzima, nikijua kabisa kwamba hataifikisha mdomoni bila kuimwaga. Alikuwa hawezi tena kusema vizuri, lakini alinitazama nikijifunga kanga ya safari, na nadhani alijua. Nikatoka bila kuaga.

Nilipita Vingunguti, nikaendelea mpaka karibu na Pugu, jua likiwa utosini. Nikakaa kando ya njia nimnyonyeshe mtoto. Alikuwa na kiu, akimeza kwa haraka, nami nikawa nautazama ule mdomo wake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna mtu Temeke aliyejua kuwa nimeondoka. Niliyemwambia alidhani ni mzaha. Mkwe wangu angekauka mle ndani siku mbili, tatu, kabla mtu hajasukuma mlango.

Niligeuka kwa hofu, maana upendo ulikuwa umekwisha siku nyingi. Nilirudi nusu nikitembea, nusu nikikimbia, nalia kwa sauti, mpaka watu njiani wakanipa pole ya msiba.

Nilifika jioni. Mlango ulikuwa wazi. Mkwe alikuwa ameogeshwa na kugeuzwa, na mtani wangu amekaa kwenye kigoda akimlisha uji kwa kijiko. Alikuwa ameingia mchana kuiba mboga kama kawaida yake, akamkuta mzee amelowa maji kifuani na kata iko chini.

Nilisimama kizingitini nikingoja matusi. Niliyataka. Aliweka kijiko chini, akanitazama.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Mie nilidhani unanitania."

Afadhali angenipiga kofi. Nikamweleza kwamba nilifika karibu na Pugu, nikageuka. Tangu kesho yake alikaa na mkwe asubuhi zote, nami nikaamia mpaka tukavuna mpunga uliosalia. Lakini sasa alipiga hodi na kungoja nje. Aliuliza habari za nyumbani kama mgeni. Nilimchokoza kwa mizigo ya babu yake, akatabasamu na kuniuliza kama nimelala vizuri. Nilikuwa nimepata msaidizi na kupoteza mtani, na kule kuonewa huruma kukanichosha kuliko kinu.

Mkwe alifariki kabla ya mvua za vuli. Nyumba ilijaa waombolezaji, na msibani mtani ana kazi yake, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, apende asipende. Jirani yangu aliingia akisukuma watu, akajilaza kwenye mkeka wa marehemu, akapinda mdomo na mkono mmoja, akaanza kulalamika kwamba anakufa kwa kiu na huyu mwanamke wa Kizaramo anamtazama tu. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Kisha akanigeuzia uso, mdomo bado umepinda.

"Umeona, mtumwa wangu? Mkweo katoroka moja kwa moja. Wewe hata Pugu ilikushinda."

Wengine walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio cha miezi yote ile. Yeye hakunyamaza, aliendelea kudai maji. Basi nikaenda mtungini, nikachota, nikamwinua kichwa na kumnywesha kwa mkono wangu.