Makochi Yaliyojaza Sebule

Mama alipozidiwa na maumivu ya miguu nilimtoa kwetu magharibi nikamleta kwangu Kapsoya, hapa Eldoret, na alichoniomba kilikuwa kimoja tu. Hakutaka nyama wala blanketi jipya. Alitaka jumuiya isimpite. Kanisani hangeweza kufika tena, hata kwa kubebwa, kwa hivyo wale majirani wa parokia waliozunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi jioni, kusoma Neno na kusali rozari, ndio waliobaki kuwa kanisa lake. Zamu yangu ikifika alioga mapema, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye mlango wa chumba chake kuwangoja.

Wakati huo sebule yangu ilikuwa na viti vinne vya mbao na mkeka. Walijibana humo wote wakaimba, na mama akaimba nao kwa ile sauti yake ya kukwaruza, macho ameyafumba. Wakishaenda alikuwa mtu mwingine, hata maumivu hakuyataja. "Leo Mungu amekaa na mimi," aliniambia siku moja. Nami, mtu wa duka la mapazia, nilikuwa nawaza mzigo wangu wa kesho yake.

Halafu nikanunua makochi. Wacha niseme ukweli, nilitaka kuringa. Nilikuwa kwenye chama cha wanawake wafanyabiashara, na kila nyumba tuliyotembelea ilikuwa na makochi ya maana isipokuwa yangu. Basi nami nikachukua makubwa, rangi ya maziwa, ya kuzunguka kuta tatu, na meza ya kioo katikati na kapeti nene chini. Yalipokwisha kuingia, mimi na mwili wangu huu nilipita kiupandeupande kwenda jikoni. Na bado niliyapenda, sidanganyi.

Zamu yangu ikafika na mvua. Matope ya Kapsoya unayajua, yakishika kiatu hayaachi. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mpole anayeuza mboga, akanipigia simu. Nikamwambia, "Dada, mwezi huu mniruke, nyumba imejaa." Akasema sawa. Mwezi uliofuata nikasema mafundi wa rangi wako ndani. Wa tatu nikasema mama anahitaji kupumzika. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilimtumia mama mwenyewe kuwafungia mlango watu aliokuwa akiwangoja. Baada ya hapo mwenyekiti hakunipigia tena.

Mama aliuliza mara moja tu. "Kwani jumuiya ilivunjika?"

"Iko, mama. Nafasi ndiyo hakuna."

Aliyaangalia yale makochi kutoka mlangoni, kisha akarudi kitandani akishika ukuta.

Jumamosi moja chama changu kikaja. Nilipika pilau na kuku, na wanawake wakajaa sebule nzima wakicheka na kuniambia sasa nimekuwa mtu. Katikati ya hizo sifa nikasikia mama ananiita. Nilimkuta amekaa kitandani, kitambaa kichwani, rozari mkononi.

"Wamekuja?"

"Hapana, mama. Hao ni watu wa chama."

"Haya," akasema, akaanza kufungua kitambaa. "Nenda basi, usiache wageni peke yao."

Nami nikaenda. Nilirudi kuwaongezea chai, na naona haya hata kuliandika hili. Nilijiambia mvua zikiisha nitawaita jumuiya, kapeti nitalifunika, nitapanga vizuri. Mungu nilimweka pembeni kama yule mteja anayeulizauliza bei bila kununua. Nilijua hatakasirika, atarudi tu.

Mama alifariki Septemba, mvua bado zinanyesha, mimi niko dukani.

Jioni hiyo jumuiya ilikuja kusali, kama wanavyofanya kwenye msiba, bila kuitwa na mtu. Mwenyekiti alisimama mlangoni, akaangalia ndani, akaniuliza kama wanaweza kutoa viti. Nikaitikia kwa kichwa. Wanaume wakakunja kapeti, wakabeba makochi wakayapanga nje kwenye nyasi. Chai niliyokuwa nimeiinjika haikuwa hata imechemka, na sebule ilikuwa tupu. Manyunyu yakaanza, na mmoja wao akaniuliza kama nina turubai ya kufunika vile viti. Nilimwambia aviache vilowe.

Wakaingia wote, wakapiga magoti kwenye simiti, wakaimba nyimbo ambazo mama alizipenda. Waliimba kwa nguvu sana, kama watu waliokuwa na deni naye, na mimi nilikuwa nikisikiliza kama kuna sauti ya kukwaruza katikati yao. Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti kando yangu. Aliniinamia akanong'ona, bila ubaya wowote, "Kumbe tunatosha."

Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.