Milango Iliyogeuzwa Kichwa Chini

Mdogo wa mke wangu huchora ramani za majengo, lakini mtaani wanamwita Mama Vifusi. Jina hilo halimkeri hata kidogo. Akisikia nyundo zinabomoa ukuta popote, huacha chai yake mezani akakimbilia kuona kuna nini cha kuokoa. Mimi ndiye ninayemtunzia ghala. Mbao kuukuu huzipapasa kama mtu anayechagua kitambaa dukani. "Hii imeshapinda ilivyotaka kupinda, shemeji," huniambia. "Sasa imetulia."

Hoteli ya zamani ilipovunjwa, furaha ilimpeleka mbio. Alikuwa akichora kituo cha kulelea watoto wadogo, waliokuwa wamebanana kwenye gereji ya kupanga, na hoteli ikampa karibu kila kitu: matofali, mbao za paa, vigae, na milango mizito yenye namba za vyumba. Kila mlango una kioo kinene upande wa juu, chenye wavu wa waya ndani yake. Kwa mafundi alikuwa na amri moja: mahali penye tundu la zamani, usitoboe jipya.

Aliyebaki kuridhishwa ni mlezi mkuu, ambaye wazazi na watoto wote humwita Shangazi. Wazazi walishasema wazi kwamba Shangazi akikataa jengo, watoto hawahami. Na mwenye gereji alikuwa anaitaka gereji yake.

Siku aliyokuja kukagua, seremala wetu, Polepole, alikuwa amebakiza mlango mmoja mwishoni mwa korido. Shangazi alikuwa amemshika mkono mtoto mmoja mdogo. Alisifu mwanga, akapiga ukuta kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba cha kulala.

"Kule gereji nikigeuza shingo nawaona wote," alisema. "Hapa nikisukuma huu, na mtoto amesimama nyuma yake?"

"Kuna kioo, Shangazi," shemeji alijibu.

"Cha kunionyesha dari? Mtoto mwenye urefu huo unamjua wewe, mwanangu?"

Shemeji aliinua macho kwenye kioo. Masinki, vyoo na madirisha yote aliyapima akiwa amepiga magoti, kwa kimo cha mtoto. Milango aliipokea ilivyokuja.

"Sioni watoto wangu wakilala hapa," Shangazi akasema taratibu.

Mwisho wa korido Polepole akajifuta mikono. "Huu nao umekubali."

Tukageuka. Mlango ulisimama kichwa chini, kioo karibu na sakafu, na namba 16 ikisomeka 91.

"Polepole, umekunywa nini?" shemeji aliuliza.

"Hata maji sijanywa, bosi. Fremu imechongwa bawaba kulia, mlango uliobaki ni wa kushoto. Umekataza matundu mapya, nimeugeuza. Bawaba zimeingia zenyewe."

"Ushushe. Tutatafuta mwingine."

Lakini yule mtoto alishaponyoka mkononi mwa Shangazi, akaingia chumbani, na mlango ukajifunga nyuma yake. Mara pua yake ikabonyea kwenye kioo. Akagonga, akatuchekea.

Shangazi alirudi nyuma hadi mwanzo wa korido, akageuza shingo. Kutoka huko alimwona.

Shemeji alipiga magoti mbele ya kioo, wakatazamana uso kwa uso. Halafu akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. "Geuza yote! Ya kushoto ihamie fremu za kulia, ya kulia ihamie fremu za kushoto. Bawaba zitakubali kote, hatutoboi popote!"

"Si umesema nishushe?"

"Nilikuwa mjinga kidogo, shemeji ni shahidi."

"Wa muda mrefu," nikasema, akanirushia kitambaa cha vumbi.

Tulifanya kazi bila kuketi, Polepole kwa mara ya kwanza akikimbia, mimi na shemeji tukibeba milango tukipishana koridoni. Chumba 6 kikawa 9. Polepole akashika bisibisi ang'oe namba.

"Ziache," alisema Shangazi. "Watoto wenyewe nusu ya siku wamesimama kichwa chini."

Mlango wa mwisho ulipofungwa, alitembea korido nzima akiangalia kioo baada ya kioo, yule mtoto akitokea kwenye kila kimoja. Kisha akatoa simu, akampigia msaidizi wake kule gereji.

"Anzeni kukunja magodoro," alisema. "Tunahama."