Chungu cha Ua Juu ya Kioo

Mlinzi wa makumbusho ya ngome yetu haamini mtu. Ukiingia tu anakuvalisha vifuniko vya sufu juu ya viatu, usikwaruze sakafu, kisha anakufuata chumba hadi chumba akifuma soksi, macho yake mgongoni mwako. "Usiegemee! Hapa si kwa mamako!" Wageni anawaambia kwamba katika vita vya zamani Waswidi hawakuivunja ngome hii hata tofali moja, watu saba wa humu humu ndani waliwafungulia lango, na karatasi yenye majina yao ndiyo ile chini ya kioo, haina nakala popote. Mimi nafundisha historia mjini hapa mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila nikileta wanafunzi nahesabu majina sita. La saba limekaliwa na chungu chake cha ua jekundu. Hukimwagilia maji, hukifuta vumbi, lakini hakisogezi hata kidogo. "Mama, hicho chungu si kitapasua kioo?" nilimuuliza siku moja. "Kinapenda jua. Wewe kinakuwasha nini?" Nikajua tu, jina analolificha ni la ukoo wake. Anatuchunga sisi kama wezi, kumbe wasaliti ni kwao!

Jumanne iliyopita uzi wake ulibingirika chini ya kabati. Alipoinama kuuokota, nikakinyanyua chungu. Zhikharev. Jina la ukoo wangu, lile lile ninaloandika ubaoni kila Septemba shule zinapofunguliwa. Kwa mara ya kwanza hakunifokea. Alikaa, akaendelea kufuma.

"Kirudishe, mwalimu," alisema taratibu. "Wanafunzi wako wanakuja Alhamisi."