Shemeji alifuta jina yangu kwenye kazi yangu, na mimi njo nilimuokoa

Admin, unifichie jina, ata kama kuna mwenye alishaifuta mbele yako. Batu ba page, nabasalimia. Niko mwanaume wa miaka 48, mukaaji wa Vulamba hapa Butembo, baba ya batoto wane, kichwa imeanza kupara na tumbo inatangulia mbele. Kazi yangu ni programmeur, mwenye kuandika programu za ordinateur. Kwa mama mukwe, Mungu amubariki, mimi ni "ule mwenye anatengenezaka matelefone", na sijawai kumusahihisha, juu miaka ya kwanza ilikuwa kweli.

Miaka kenda sasa niko na projet moja kwenye internet. Ni logiciel, ni kusema programu, ya wazi: code yote, maandiko yenye inaitembeza, inaonekana, mutu yeyote wa dunia anaweza kuikamata na kuitumia bure, na sharti moja tu, asifute jina ya mwenye aliiandika. Yangu inasaidia site ya web isipoteze vitu vyenye mutu alijaza wakati connexion inakatika. Mutu wa Ulaya hangewaza kitu kama hiyo. Mimi niliwaza juu ilinikatikia mara tatu siku moja, nikijaza demande ya kuomba kazi. Leo kuna batu ba Brésil na ba Inde benye banaitumia, bananiandikia "Aksanti, maître". Nyumbani, huyo maître, mwalimu mukubwa, anatumwa kununua makala ya kupikia.

Sasa shemeji. Ni mudogo wa bibi yangu, anakaa Beni, anafunga kravati na joto yote ile, na kwenye kadi yake aliandika "Directeur Général, Innovateur". Anaongoza batu wawili, mumoja ni bibi yake. Aliniombaka nimufundishe hii kazi. Nilimufundisha. Alishika somo moja: kukopi.

Mwezi jana akanialika Beni. Coopérative moja ya bakulima ba kakao ilikuwa inapokea logiciel mupya ya kuandikisha bakulima, na yeye njo "inventeur", mwenye aliivumbua. Nilishuka kwenye taxi na tricot yangu ya baridi ya Butembo, natoka jasho kama vile mimi njo mwizi. Salle ya kanisa imejaa: bakulima, pasta, bamama ba chorale. Shemeji anakamata micro: "Miaka tatu niliteswa na hii kitu!" Batu banapiga makofi. Na mimi nilipiga, ndugu zangu. Nilikuwa sijaelewa bado.

Kisha connexion ikakatika. Pale kwenye ukuta, penye alikuwa anaonyesha logiciel yake, kwa maandiko makubwa, ikaonekana: "Vumilia kidogo, courant imekatika Vulamba. Hakuna chenye kimepotea."

Ile maneno niliiandika mimi, kwa kucheka, wakati projet ilikuwa ingali ndogo. Innovateur alifuta jina yangu mahali pote penye aliiona, mais code yenyewe hakuisoma ata siku moja. Muzee mumoja mukulima akauliza: "Directeur, tuko Beni. Vulamba inaingia hapa namna gani?"

Akajibu bila haya: "Muzee, hiyo ni langage technique."

Pasta akatikisa kichwa kama mutu mwenye ameelewa.

Nje nikamuvuta pembeni. "Shemeji, jina yangu iko wapi?"

"Grand, kaka yangu, si ni ya bure? Wewe mwenyewe ulisema ni ya bure."

"Kutumia njo bure. Kufuta jina, hapana."

"Ah, grand! Wewe na jina! Utakula jina?"

Kama ingeishia pale, ningecheka na kurudi kwangu. Mais kuna kundi moja ya inje yenye inatafuta mutu wa kuchunga hii projet kama kazi ya kila siku. Mutu angeifanya akiwa nyumbani kwake Vulamba. Niliomba hiyo kazi. Miaka kenda nilikuwa naingojea bila kujua. Wiki iliyopita bananiandikia: kuna bwana wa Beni naye ameomba, anasema projet ni yake, yeye njo alitoa mawazo yote, na mimi nilikuwa fundi wake wa kuandika tu. Banaomba nieleze kweli mbele ya vendredi, ijumaa hii.

Fundi wake! Mutu mwenye nilimuonyesha mahali pa kuwashia ordinateur!

Barua ya kujibu nimekwisha kuandika, na mambo yote ya kuhakikisha kama projet ni yangu iko ndani. Bibi yangu aliisoma. Akanirudishia, akasema: "Papa, ukituma hii, coopérative nayo itasikia. Batamufukuza. Mama atapita namna gani kanisani? Uko na haki, sikatai. Mais ni tumbo moja na mimi."

Na sasa haya yangu yenyewe. Juzi shemeji ananipigia telefone, sauti imekuwa ndogo: "Grand, logiciel imekataa. Bakulima bako hapa tangu asubuhi na magunia yabo, hakuna ata jina moja yenye inafunguka. Niokoe."

Nikamuambia aite inventeur. Kisha nikawaza bale bazee kwenye jua na kakao yabo, nikafungua ordinateur yangu, nikatengeneza kwa robo saa. Hakukata telefone haraka, nikamusikia anabaambia: "Muliona? Nimemaliza."

Donc njo vile niko: mupumbavu mwenye diplome. Nikituma barua, namuvunja ndugu ya bibi yangu mbele ya kanisa nzima. Nikinyamaza, ile kazi inaenda kwa mutu mwenye hawezi kuifanya, na mimi nitabaki fundi wake mpaka kaburini.

Ndugu na badada, vendredi iko karibu. Nitume ao ninyamaze? Munishauri bila kunichekesha sana, tumbo haitaki. Na wewe shemeji, najua unasomaka hii page kila siku. Ukitaka kunishauri, karibu. Mais andika maneno yako mwenyewe, usikopi ya mwenye amekutangulia.