Kagure na Kitenzi cha Kuja

Barua iliyomfikia Kagure mwishoni mwa mwaka 1975 ilikuwa na stempu ya Msumbiji, na kwenye baraza la mafundi wa nguo aliposhonea mjini Nyeri hakupatikana mtu wa kuisoma. Dawud, aliyeshona kwenye cherehani ya pili, aliigeuzageuza akasema, "Mama, hii si Kizungu ya hapa. Peleka misheni."

Mwanawe wa pekee, Gatimu, alikuwa ameondoka kijijini kwao Wamagana mwaka 1970 kufuata kazi ya kutengeneza malori mji wa Blantyre, mbali kusini. Baadaye alivuka hadi mji wa Tete, Msumbiji, akaoa msichana aitwaye Celeste. Walipopata binti, walimpa jina la nyanya yake kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo kule mbali kulikuwa na Kagure mwingine, wa miaka miwili, ambaye mama huyu hakuwa amemwona.

Hospitali ya misheni ilikuwa na mtawa Mwitaliano, Sista Agnese, aliyewahi kufanya kazi Msumbiji. Aliisoma barua, akavua miwani, kisha akaweka kidole kwenye neno moja: *morreu*.

"Mama Gatimu, lori lilianguka. Gatimu amekufa."

Kagure aliliinamia lile neno. "Hii neno moja imesema yote hayo?"

"Moja tu. Ndani yake yuko yeye, na ndani yake imo siku iliyopita."

Hakulia pale. Alilia Wamagana, katikati ya migomba, kwa majuma mengi. Jirani zake walikuja, wakaomba, wakaleta uji na viazi, halafu wakarudi kwa ng'ombe wao. Mume alikuwa amemzika zamani. Nyumba ikabaki na sauti yake peke yake.

Januari alirudi kwa Sista. "Nataka kuandikia yule msichana mimi mwenyewe. Nisitumie mdomo ya mtu mwingine."

Alikuwa na miaka hamsini na minne na elimu ya darasa la nne. Kila Alhamisi mchana alifunga cherehani akapanda hadi misheni. Sista alimchorea daftari: *falo*, nasema, *falas*, unasema, *fala*, anasema. Kagure aliona jambo lililomshangaza. Sisi tunamtanguliza mtu, ndipo kitendo kifuate: ni, u, a. Wale humweka nyuma, kama mkia, na ukiukosea mkia umemtaja mtu mwingine kabisa. Akiwa anapiga pindo alinong'ona mikia hiyo, *o*, *as*, *a*, mpaka Dawud akamuuliza kama anasali.

Mwezi wa Juni Sista Agnese aliitwa kwao Italia, akaenda, akamwachia daftari. Wiki ile ile Kagure alikata shauri kuandika barua yake ya kwanza pasipo msaada. Alitaka kusema: njoo mwezi wa nane, umlete mtoto nimwone. Hilo la mtoto lilimshinda, akaliacha. Akatafuta kitenzi cha kuja, akaokota neno la kwanza kwenye orodha, akidhani la kwanza ndilo lenyewe. *Venho em Agosto.* Akatia sahihi, akapeleka posta.

Agosti alipaka chumba cha Gatimu chokaa. Akashona gauni la manjano la mtoto wa miaka mitatu, kwa kukisia. Kila gari lililosimama njiani lilimtoa mlangoni. Septemba ikaingia, akalikunja lile gauni.

Jibu lilifika Oktoba. *Mamã, esperámos. A mamã não veio.* Neno la kungoja alilifahamu: tulingoja. Lakini *veio* lilikuwa la yeye, mtu wa tatu: hakuja. Ni nani huyo ambaye hakuja? Alifungua daftari, kurasa za mwisho, akakuta mwandiko mdogo wa Sista: "Mtu wa kuheshimiwa hasemwi *wewe*. Husemwa kana kwamba hayupo, *yeye*."

Basi aliyekosa kuja ni yeye mwenyewe. Akarudi kwenye orodha ya kwanza. *Venho*: ninakuja, mkia ule ule wa *falo*. Celeste, kama barua ilivyoendelea kueleza, alikuwa amekwenda kituo cha Tete kupokea mabasi yatokayo Blantyre kila Jumamosi ya Agosti, mtoto mgongoni, akichungulia nyuso za wanawake wazee waliokuwa wakishuka.

Kagure alikaa na barua ile mapajani mpaka chai yake ikashika utando. Alichomwa na aibu, na tena alichomwa na jambo lingine: kwa mwezi mzima kulikuwa na mahali duniani alipokuwa akingojewa, naye hakujua.

Aliandika: *Errei.* Nilikosea. Akaeleza kwa sentensi fupi kama za mtoto kwamba alitaka kusema *vem*, njoo. Celeste akajibu Januari kwamba hakukasirika, na kwamba angejaribu kusafiri mwezi wa nne. Februari mpaka wa Kenya na Tanzania, njia yake ya kuja, ukafungwa. Dawud ndiye aliyemsomea gazeti.

"Labda watafungua," alisema Dawud.

"Labda," akajibu Kagure, akaendelea kukanyaga cherehani.

Haukufunguliwa mwaka ule, wala ule uliofuata. Barua zikawa mbili kwa mwaka, halafu moja. Kagure aliendelea na daftari peke yake, kitenzi kimoja kwa juma, bila mtu wa kumwambia amepatia au amekosea.

Mwaka 1981 ilikuja bahasha yenye mwandiko mpana, wa mkono unaojifunza. Ndani mlikuwa na barua yake mwenyewe, imerudishwa, mikia saba ya vitenzi imesahihishwa kwa penseli nyekundu. Chini palikuwa na sentensi moja, na safari hii hakuhitaji daftari kuisoma: Nyanya, nimesahihisha, sasa andika tena. Kagure.

Nyanya akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kunakili maneno yale saba, moja moja.