Antena Iliyolala

Mume wangu alikulia kambini Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Burundi, na kuhusu likizo alikuwa na sharti moja tu. Alisema amelala kwenye hema miaka kumi na minne bila kulipa chochote, hatalala humo tena kwa hela yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimechoka kuwasikia wauguzi wenzangu kila Jumatatu wakisimulia walivyopiga kambi na watoto wao, nami nikatamani. Tukakubaliana kununua karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, chenye vitanda, jiko la gesi na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Tuliinunua kwa mzee jirani yetu hapa Minto, mtaa tunaoishi huku ughaibuni, ambaye macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari. Zulia lake lilinuka mbwa, na harufu hiyo haijatoka mpaka leo.

Mwaka huo mama yangu alikuja kutoka Nakuru kukaa nasi miezi mitatu. Baba alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa imemwia kubwa. Binti yetu wa miaka tisa alimwita bibi, kama baba yake alivyomfundisha, na mama alichukua wiki nzima kulizoea jina hilo, maana kwetu bibi ni mke wa mtu. Alimsemesha mtoto kwa Kiswahili, mtoto akamjibu kwa Kiingereza, na sijui walielewana vipi, lakini walikuwa hawaachani.

Jumapili tulisali Bankstown, kwenye kanisa lenye kwaya ya Wakenya, Warundi na Wakongo. Mama aliingia kwaya wiki ya pili tu. Kisha wakaja watu wa runinga kurekodi kipindi kuhusu makanisa ya wahamiaji, na siku hiyo hiyo dada anayeongoza nyimbo akaamka hana sauti kwa mafua. Mwalimu wa kwaya akamgeukia mama. Mama akaimba ubeti wa pili peke yake mbele ya kamera, mkoba ukining'inia mkononi kwa sababu hakupata nafasi ya kuuweka chini.

Tuliambiwa kipindi kitaonyeshwa Jumapili fulani saa kumi alasiri. Ilikuwa Jumapili ya ile wikendi ndefu ambayo tulishalipia kambi tangu zamani. Nikasema tuahirishe. Mama akakataa.

"Twendeni zetu," alisema. "Sauti yangu naijua."

Lakini jioni hiyo alimwuliza mume wangu, kama mtu anayeulizia jambo lisilomhusu, kama karavani ina runinga. Ilikuwa nayo, ndogo, imefungwa ukutani juu ya meza. Mume wangu akamhakikishia kwamba ataiona kwaya yote mpaka vifungo vya mashati.

Kambi ilikuwa bondeni, kando ya mto, milima imeizunguka pande zote. Pazuri sana, ila simu zetu zilikosa mtandao kabla hatujafika getini. Ijumaa mume wangu akafunga antena juu ya mti mrefu wa chuma ubavuni mwa karavani, akawasha runinga, akaiamuru itafute stesheni. Ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba haikupata hata moja. Jumamosi akazungusha antena kila upande. Mara moja tuliona uso wa mtangazaji umekatikakatika vipande vya mraba, sauti ikiruka, kisha giza. Mume wangu huendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala kule Wetherill Park na nyumbani hakuna kinachomshinda kutengeneza. Alikula chakula cha mchana huku akiikodolea antena macho.

Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja akimenya viazi, na kila baada ya muda aliniuliza saa ngapi. Jumapili asubuhi nikamkuta amevaa gauni lake la kitenge na kilemba, hapo kambini kwenye matope. Nikajifanya sijaona.

Upande wa pili wa nyasi alikaa mama mmoja Mzungu, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyekuja bondeni hapo kila mwaka. Alikuwa amemtazama mume wangu siku mbili akihangaika. Mchana huo akavuka, akatusalimu, akamwambia mume wangu kwa upole kwamba antena yetu imelala. Sisi hatukumwelewa. Akatuonyesha karavani nyingine, na kweli, nilishangaa hatukuona. Antena hizi zina vijiti vilivyopangwa kama miiba ya samaki. Yetu miiba ilitazama kulia na kushoto, kama ilivyo kwenye mapaa yote ya Minto. Za wenzetu zote zilikuwa zimegeuzwa ubavu, miiba ikitazama juu na chini. Akaeleza kwamba mnara wa bonde lile hurusha mawimbi yaliyosimama, na antena iliyolala haiyapati. Akauliza pia kama tumebonyeza kitufe cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Hatukujua kama kipo. Kilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya mablanketi.

Mume wangu akaiteremsha antena, akaigeuza ubavu, akaikaza upya. Ikawa saa tisa na nusu imepita. Yeye akabaki nje ameshika ule mti wa chuma, mtoto akakaa mbele ya kioo cha runinga, na mama, bila kuambiwa na mtu, akasimama mlangoni katikati yao.

Nilijua mawazo yake yalikuwa wapi. Nilipokuwa mtoto, antena yetu ilikuwa juu ya mwanzi mrefu nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi picha ilipojaa chenga, baba alitoka kuuzungusha. Sisi watoto tulikaa mbele ya runinga tukipiga ripoti, na mama alisimama mlangoni akizipeleka kwa baba, kwa sababu baba hakutusikia na hakupenda tukipiga kelele.

"Zungusha," mama alimwambia mkwewe. "Polepole, baba. Endelea."

Mtoto akasema kwa Kiingereza kwamba picha imekuja, imeondoka.

"Umepita. Rudi. Rudi kidogo." Mama aliinua mkono. "Hapo. Usiguse tena."

Mume wangu akasimama kama sanamu. Mama naye hakushusha mkono mara moja. Nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Tulipata stesheni zote. Tulimkaribisha yule jirani mjane akaja na keki, tukabanana watano kwenye meza ya watu wanne. Kwaya yetu ilikuja mwishoni kabisa. Tukawaona watu wetu, tukawataja, kisha kamera ikamsogelea mama na mkoba wake. Akafungua kinywa kuimba, na hapo hapo mtangazaji akaanza kusema. Alieleza kwa Kiingereza habari za wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, akaeleza mpaka ubeti ukaisha. Tuliuona uso wa mama, mkubwa na mzuri, lakini sauti yake hatukuisikia.

Mume wangu alitazama mikono yake. Mimi nilikuwa natafuta neno la kumfariji, ndipo jirani akaniuliza mama yangu alikuwa anaimba nini pale. Nikamwambia ni ubeti wa kumshukuru Mungu kwa safari. Akasema angependa kuusikia.

Nikamtafsiria mama. Alinitazama kama anayepima kama ni mzaha. Kisha akamwambia mtoto azime runinga.

Akaimba ameketi, mikono mezani katikati ya vikombe, si kwa nguvu. Kwenye chumba kidogo vile sauti yake ilikuwa tofauti na ya kanisani, nzito zaidi, na ilikwaruza kidogo kwenye maneno ya mwisho. Mtu na mbwa wake waliokuwa wanapita nje walisimama. Alipomaliza jirani alimshika mkono asiuachie, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya kuongea.

Mtoto akasema, kwa Kiswahili, "Bibi, tena."

Mama akarudia, na mara hii mume wangu akaingiza sauti ya chini, ile waliyokuwa wakiimba kwenye makanisa ya kambini kwao.

Kesho yake kulinyesha, tukafunga vitu mapema. Njia nzima mama alikaa mbele na mume wangu, akimweleza habari za baba, mambo mengine ambayo hata mimi nilikuwa siyajui. Baada ya wiki tatu tulimsindikiza uwanja wa ndege. Siku hizi magoti yake hayamruhusu tena safari ndefu hivyo. Karavani bado tunayo, na tunakwenda bondeni kila mwaka, lakini ile miezi mitatu, nyumba ikiwa na mama, haijawahi kurudi.