Niliyoiita Dawa

Ningeweza kukataa kulitamka neno "dawa" asubuhi ile. Nilikubali, na wa kulaumiwa simtafuti kwingine.

Nilikuwa karani na mkalimani wa Mzungu mwenye karakana upande wa Lanet. Alitengeneza saa na vipimo vya ndege, vile ambavyo namba zake hung'aa gizani kwa rangi ya radiamu. Mabaki ya rangi hiyo, unga wa manjano, yaliwekwa kwenye makopo na kuzikwa katika shimo lililokuwa la kuchimba mawe, karibu na kambi ya vibarua nilimokaa na mke wangu. Mkubwa huyo alinieleza kwa Kiingereza bila kuficha: unga ule hutoa miale isiyoonekana, na ukimezwa hukaa mifupani.

"Basi niwaambie ni sumu," nikasema.

Akageukia Kiswahili chake cha shambani. "Hapana sema sumu! Watu yote nakimbia. Wewe sema dawa kali. Kwisha."

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari; kumjibu Mzungu kungetosha kunipakia kwenye lori la kwenda kizuizini. Lakini sijifichi nyuma ya lori hilo. Nilikipenda kiti changu.

Barazani nikatangaza kwamba shimoni kuna dawa kali, mtu asiiguse. Kwetu dawa ni ya kupe, ya minyoo, ya kifua, na ikiwa kali ndiyo nzuri. Mama mmoja akainua mkono.

"Dawa ya nini, karani? Ya ng'ombe ama ya watu?"

"Ni kali tu, mama."

"Si basi utupimie kidogo!"

Watu wakacheka. Mzee aliyesimama nyuma yake akadakia, "Sisi Mzungu anatupatia chumvi ya kuharisha, ile nzuri anazika!"

Nami nikacheka nao.

Mke wangu alikuwa akiumwa magoti. Baada ya miezi kadhaa nilimkuta akikoroga unga wa manjano kutoka kopo la shimoni ndani ya uji.

"Ni ile yenu kali," akasema. "Mzee, mbona ulikuwa unaninyima? Wenzangu wanakunywa tangu zamani, na mimi pia."

Niliumwaga ule uji. Nikaenda bombani, wanawake wakiteka maji, nikapaza sauti: "Ni sumu! Niliwadanganya! Inakula mifupa!" Kisha nikapita nyumba kwa nyumba.

Mkubwa akaniita. "Nani napa wewe ruhusa?"

"Hakuna. Na kesho nitasema tena."

Alinifuta kazi, vyombo vyetu vikatupwa nje. Tulikohamia niliendelea kusema, na sijanyamaza hadi leo. Wapo wanaonitetea eti Kiswahili hakikuwa na neno la miale ile. Siutaki utetezi huo. Sumu ilikuwa na jina, hata mtoto alilijua.

Meno ya mke wangu yaling'oka moja baada ya jingine, kisha taya likaoza, na hospitali haikuwa na la kufanya. Alikufa kwa unga niliouita dawa. Nilimpoteza mke wangu ili nibaki karani.